Ukurasa Unaowaambia Wasije

Mdogo wangu wa kiume anatengeneza matangazo ya mitandaoni huko Dar, na alikuwa na hakika kwamba ningefunga chumba changu kabla ya masika. Nilikuwa nimerudi Lushoto kufanya kazi niliyosomea, ya kunyoosha migongo na shingo kwa mikono. Jina lake la kigeni ni kairopraktiki, lakini mlangoni niliandika "Matibabu ya Mgongo", kwa sababu mtu anayeumwa hana haja ya kujifunza jina jipya. Wagonjwa hawakuja. Kama hali ingeendelea hivyo, ningerudi mjini kufanya kazi kwenye kliniki ya mtu mwingine.

"Dada, nitumie video," alisema kwenye simu. "Fupi tu. Shingo inalia ko, mgonjwa anacheka, basi. Watu hawasomi."

"Wanasoma."

"Wanasoma meseji za michango ya harusi. Na hizo wanajifanya hawakuziona."

Sikutuma video. Nilifungua blogu, naye kwa upendo wake akanisaidia kuiweka sawa huku akinung'unika.

Acha nieleze nilivyofikiri, maana wenye shughuli ndogo kama yangu huniuliza. Video ni kama gari la matangazo: unalisikia, unageuka, limeshapita. Makala iliyoandikwa inakaa palepale, na mtu akiamka na maumivu mwezi ujao ataikuta inamsubiri. Kwa hiyo nilifanya blogu kuwa nyumba, na mengine yote yakawa njia za kufika kwenye hiyo nyumba. Kwenye WhatsApp nilikuwa naweka sentensi mbili na kiungo. Facebook hivyohivyo. Karatasi niliyobandika Lukozi, pale magari ya mboga yanapopakia, ilikuwa na anwani ya blogu kwa herufi kubwa. Makala zenyewe zilitoka kwa wagonjwa wachache niliokuwa nao. Mtu akiniuliza jambo, jioni nililijibu kwa maandishi bila kumtaja. Kwa nini kiuno kinauma zaidi ukilima huku umeangalia bondeni. Namna watu wawili wanavyoinua gunia la viazi bila mmoja kuumia. Namna ya kuinama ukiwa na mtoto mgongoni. Niliandika sentensi fupi, nikijua kwamba huenda msomaji wangu ni mtoto wa shule anayemtafsiria bibi yake kwa Kishambaa.

Kisha nikaandika makala iliyotugombanisha. Kichwa chake kilikuwa "Maumivu haya usiniletee". Nilieleza kwamba maumivu ya mgongo yakiambatana na miguu kuishiwa nguvu, au ganzi katikati ya mapaja, au mkojo kutoka bila mtu kujua, hilo si la mikono yangu. Huenda mishipa ya fahamu imebanwa. Mtu aende hospitali siku hiyohiyo. Niliiweka juu kabisa, kitu cha kwanza anachokiona anayefungua.

Mdogo wangu alipiga simu kabla sijamaliza chai.

"Umewahi kuona duka lenye kibao kinachosema nenda duka la pili?"

"Mimi si duka."

"Ndiyo maana huna wateja. Iondoe, dada. Au ishushe chini kabisa, anayeitaka ataitafuta."

"Anayeihitaji hajui kwamba anaihitaji. Haitashuka."

"Basi mimi najitoa. Sitaki ukifunga useme ni matangazo yangu."

Nikamwambia ajitoe. Nilikata simu nikiwa na hasira, na hofu pia, kwani mambo ya mitandao yeye ndiye aliyeyajua.

Huku kwetu mgonjwa hatoki nyumbani peke yake. Lazima asindikizwe, na anayemsindikiza ndiye anayeeleza ugonjwa. Ni heshima nzuri, lakini ina shimo ndani yake, nami nililiona siku alipoingia kijana mmoja kutoka upande wa Gare akiwa ameshikwa mkono na mama mzazi wa mke wake. Mkewe alikuwa na kichanga, kwa hiyo mama mkwe ndiye aliyekuja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mkwe wangu huyu mgongo umemkatika. Alibeba mbao. Mnyooshe tu, ni kijana, atapona."

Kijana aliangalia sakafu. Nilimuuliza kama kuna jambo jingine.

"Hakuna," mama alijibu. "Ni mgongo."

Mkwe hatamki neno la mkojo mbele ya mama wa mke wake. Atakufa nalo. Nilipokuwa natafuta namna ya kumtoa mama nje bila kumvunjia heshima, kijana alitoa simu mfukoni, akaniletea karibu. Ilikuwa blogu yangu. Kidole gumba kilikuwa kimekaa chini ya mstari mmoja.

"Huu?" nikauliza.

"Huo."

"Tangu lini?"

"Jana."

"Jana kuna nini?" mama akauliza.

"Jana ndipo mgongo ulipozidi, mama," nikasema. "Mimi simgusi. Anakwenda hospitali sasa hivi, naita gari."

"Tumepanda na kushuka milima yote hii, halafu humgusi?"

"Simgusi, mama. Nikimgusa ninaweza kumharibu."

Aliondoka akiniona mtaalamu bandia. Nilimvumilia. Nilimwandikia kijana barua ya kumpeleka kwa daktari, nikaifunga ndani ya bahasha ili njiani asiisome mtu.

Walimpasua. Habari hizo aliniletea mama mwenyewe wiki kadhaa baadaye. Safari hiyo alikuja na binti yake, na mgonjwa alikuwa yeye mama, goti lilikuwa linamsumbua.

"Anatembea," alisema. "Polepole, lakini anatembea. Najua ni maandishi yako, ila hajaniambia mpaka leo alikuonyesha mstari gani kwenye ile simu."

"Na mimi sitakuambia, mama."

Alicheka, akamtuma binti yake nje akanunue ndizi, akasubiri mlango ufungwe.

"Vizuri. Sisi wazee nasi tuna yetu ambayo hatuyasemi mbele ya watoto. Andika na hayo. Nitamtafuta mwanamke mwenzangu anisomee."

Nilimtibu goti, na jioni nikaandika yale aliyonieleza, bila kumtaja. Mdogo wangu alipiga simu baada ya kuiona makala. Hakuomba radhi, si tabia yake. Alisema ukurasa wa kuwaambia watu wasije ndio unaofunguliwa kuliko zote, na kwamba wengi wanaoufungua hupitia makala nyingine kabla ya kuondoka. Akaomba aweke pale juu kitufe cha kuchukua miadi kwangu.

"Weka namna ya kufika hospitali," nikamwambia. "Miadi yangu iweke chini."

"Dada, wewe ni mgumu."

"Iweke chini."

Akaiweka.