Kazi ya Nyongo

Wauguzi vijana huniuliza lipi somo gumu zaidi, anatomia au fiziolojia. Basi nalazimika kuwasimulia aibu yangu.

Nilisomea uuguzi mjini Kasongo wakati wa Wabelgiji. Baba yangu alikuwa mchinja mbuzi sokoni, kwa hiyo anatomia, somo la kutaja viungo vya mwili, halikunisumbua. Wenzangu walihangaika na figo na wengu. Mimi viungo hivyo nilivishika tangu utoto. Nikajaa majivuno. Nikawaambia wanafunzi wapya: "Anatomia ndiyo iko nguvu. Fiziolojia inayofuata ni viungo vilevile tu, mutalala usingizi."

Mimi mwenyewe sikufungua hata daftari.

Siku ya mtihani wa fiziolojia, somo la kazi ya kila kiungo, tuliulizwa kwa mdomo, na wale wanafunzi wapya waliketi nyuma wakisikiliza. Daktari Mbelgiji akaniuliza kwa Kiswahili chake: "Nyongo iko na kazi gani?"

Nikajibu bila kusita: "Nyongo unaitoa polepole, dokta. Ikipasuka, nyama yote inakuwa uchungu."

Daktari akaweka kalamu chini, akanitazama.

"Mugonjwa wako iko muzima bado, ao umekwisha kumuchinja?"