Sabuni Nyeusi ya Mama na Orodha ya Msaada

Miye, ndugu zangu, hakuna kitu katika dunia hii kinachoweza kunishangaza tena. Nimenunua dhahabu kule Kama, nimepandisha samaki kutoka Lokandu kwa pirogi, yaani mtumbwi, nimejenga nyumba tatu za bati mtaani Mikelenge, na shule niliiacha darasa la tatu. Lakini juzi, nyuma ya soko, ilinifikia harufu ya maganda ya ndizi yanayoungua pamoja na mawese yanayochemka. Nikasimama katikati ya njia. Mwenye pikipiki akanitukana. Nilikuwa nimesharudi kuwa mutoto wa miaka tisa.

Ilikuwa vita. Treni haikuja tena, na chumvi na sabuni vilikuwa vitu vya kusimuliwa. Baba alikuwa amebaki Kama kwenye mashimo ya dhahabu, njia zimefungwa. Sisi tulikimbia kijiji, tukapata mjini chumba kimoja nyuma ya nyumba ya watu: mama, miye, na mdogo wangu Zaina; mtaani walituita wakimbizi. Kila mwezi watu wa misaada walitugawia unga, maharagwe na mkebe mmoja wa mafuta. Wengine walikaangia. Mama alitoa kijiko kwa ajili ya sombe, majani yetu ya muhogo, mengine yote akayapeleka kwenye sabuni ya kuuza.

Nilipenda kuangalia kazi ile kuliko kula. Alichoma maganda ya ndizi, akatia majivu katika chungu kilichotoboka chini, akamwaga maji juu. Chini yakadondoka maji ya rangi ya chai. Aliyaonja kwa ncha ya ulimi, na yakimuuma alisema, "Njo yenyewe," yaani ndiyo hayo. Nikaonja miye pia, kwa kutaka kujua tu, na kwa siku mbili sikusikia ladha ya chakula. Kisha aliyachemsha pamoja na mafuta, akakoroga mpaka mkono ukakataa, akafinyanga matonge meusi, makubwa kama machungwa. Namna gani mafuta, ambayo yanachafua nguo, yageuke kitu cha kuifua? Nilimuuliza kila siku. "Ngoja ukomae," alinijibu.

Halafu ikatangazwa kwamba mwenye biashara hana haki ya msaada, na kwamba kila familia itakaguliwa. Mama angeweza kutuvalisha matambara. Wapi! Kwake, kusimama mchafu mbele ya wageni ni kuwatukana. Alitusugua mpaka ngozi ikawaka, nguo zetu zikang'aa kuliko za wote. Foleni nzima ikacheka.

"Mama Saidi, harusi iko wapi?" akapiga kelele Mama Amisi, jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka mto. "Mbona hukutualika?"

Kijana wa orodha akatutazama, akamuuliza mama anafanya kazi gani. Mama akasema ukweli. Kalamu ikapita juu ya jina letu.

Bila mkebe ule hakuna sabuni, na bila sabuni tungekula nini? Mama alikaa mbele ya chungu kikavu. Basi miye, akili nilizaliwa nazo. Kesho yake walikuwa wanaandika yatima upande wa pili wa mji. Nikampaka Zaina majivu, nikajipaka, tukaenda.

"Mama yenu iko wapi?" akauliza mwenye kuandika.

"Alikufa jana usiku, baba."

Zaina akalia kweli kweli, maana habari hiyo alikuwa anaisikia kwa mara ya kwanza. Machozi yake njo yalitupatia mkebe. Nyuma yetu wanawake wawili wa mtaa wetu walikuwa wamesikia kila kitu.

Mama alipouona mkebe alifurahi, kisha akauliza, "Weye Saidi, ulisema nini kule?"

"Nilisema umekufa."

Hakunipiga. Kabla hajafungua mdomo tukasikia kilio njiani. Mama Amisi mbele, kitambaa kiunoni, nyuma yake wanawake wa mtaa mzima, huyu na kuni, huyu na muhogo, huyu na unga katika kikombe, wakiliita jina la mama. Waliingia uani wakamkuta marehemu amesimama, mkebe mkononi.

"Eee! Hukufa?"

"Bado."

"Basi nani atanirudishia machozi yangu?" akasema Mama Amisi, na ua wote ukaanguka kwa kicheko.

Mama alinishika sikio, nikasimulia uongo wangu mbele ya wote. Kisha akaingia ndani, akatoa sabuni yote iliyokuwa ya kuuza, akampa kila mwanamke tonge moja. Alasiri tukaurudisha mkebe. Kijana wa orodha aliupokea. Jina letu hakulirudisha.

Wiki ya pili Mama Amisi akaja na chupa ya mawese: "Nipikie, tugawane." Wengine wakafuata. Biashara yetu iliinuka tena hivyo, bila msaada.

Miaka mingi nimejisifu kwamba uongo wangu njo uliifufua biashara hiyo. Nilikuwa mtu mzima nilipofikiria kile kikombe cha unga. Kilikuwa cha msaada uleule, kilichopimwa kwa midomo ya nyumba fulani, na mwenye nacho alikipunguzia watoto wake ili amlilie mgeni waliyemcheka juzi. Tangu siku ile hakuna aliyetuita wakimbizi.

Mama sasa ni mzee. Nilimuuliza kama anakumbuka ujanja wangu ulitugharimu kiasi gani. Hakufikiri hata kidogo: matonge arobaini na matatu, na mkebe mmoja wa lita nne.