Pikipiki ya Mutua

Mume wangu hakuwa amemaliza mwaka kaburini, na yule fisi wa shemeji akauza pikipiki ya marehemu huko mbali Mbumbuni. Nikauza ng'ombe, nikafunga mtoto mgongoni, nikatoka Kabati kwenda kuinunua tena. Naijua hata nikifumba macho, nilijigamba.

Nikaiona sokoni Mbumbuni, nje ya duka, nyekundu. Nikalaza shavu kwenye kiti nikalia, "Mutua, mbona uliniacha?" Soko zima likageuka kunitazama. Nikamwambia mtoto, "Shika hapa, baba alikuwa anashika hapa."

"Pole, mama," pasta mmoja akasema nyuma yangu, ufunguo mkononi. "Hii ni yangu. Nafikiri unatafuta ile."

Akanionyesha pikipiki nyingine, imeegemezwa ukutani. Pale nilipozoea kukaa nyuma ya Mutua, kuku alikuwa ameatamia mayai.