Soda Ndani ya Fungu la Dagaa

Kosa ni langu, wala simsingizii shetani. Daktari aliniambia ini langu lina mafuta. Akasema mafuta peke yake yanaweza kukaa kimya miaka, ila langu limeshaanza kuvimba kwa ndani, na uvimbe huo ukiendelea huacha makovu. "Punguza sukari, mama. Soda uache kabisa."

Mimi nikasikia mafuta tu. Nikaacha mawese, kisha nikageuka mhubiri wa soko zima la Kibirizi ninakouza dagaa. Jirani yangu Mama Hawa akifungua kiporo chake cha mawese asubuhi, namkemea, "Hayo mawese yatakuua!" Huku nateremsha soda.

Jumamosi nikamwona daktari yuleyule anakuja kwenye meza yangu. Nikaichomeka chupa ndani ya fungu la dagaa, nikatabasamu. "Mawese nimeacha, daktari!"

Akanipongeza. Kisha, kama mteja yeyote wa hapa, akazamisha mkono hadi chini ya fungu kuangalia kama kuna mchanga. Mkono ukatoka na chupa.

"Mama, na hii?"

Mama Hawa, midomo inang'aa mawese, akanijibia: "Hiyo ya tatu, daktari. Na saa nne bado."