Unga Niliomsagia Mama

Mama hakuniambia kwamba hedhi yake imekoma. Aliyeniambia ni mama mdogo, aliyeolewa ng'ambo ya mpaka, siku alipokuja kututembelea kijijini kwetu Itiryo na gunia dogo la soya. Kwetu mambo hayo mwanamke hamwambii mtoto aliyemzaa mwenyewe. Hupitia kwa mtu wa kando.

"Huu ni mwaka wa pili sasa," mama mdogo alisema. "Joto linampanda mpaka anatoka kukaa kwenye umande. Magoti nayo yanamlilia. Wewe si umesomea chakula? Mpe kitu basi, haki."

Ni kweli nilikuwa nimesomea lishe. Nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi, wakati dhahabu imewachanganya watu wote. Vijana walikuwa mashimoni, mashamba yameota magugu, na mama, aliyelima mtama na mihogo tangu nizaliwe, sasa alishinda mwaloni, pale wanapoosha mchanga wa mawe ya dhahabu. Kazi yake ilikuwa kuponda mawe kwa nyundo, ameinama juani, katika umri ambao mifupa ya mwanamke huanza kupungua nguvu.

Niliwaza wiki nzima. Mimi ni mtu wa kuwaza mno. Nikitia chumvi kwenye mboga nawaza figo za watakaoila. Mwishowe nilichanganya ile soya na ufuta, mbegu za maboga na majani ya mlonge niliyoyakausha kivulini, nikasaga. Asubuhi uji wa unga huo. Jioni dagaa na vichwa vyao, kwa ajili ya mifupa, pamoja na mgagani na maziwa ya mgando. Sukari ya chai nikaipunguza, akaninunia siku mbili.

"Huu uji wa nini?" aliniuliza.

"Wa nguvu, mama."

"Nguvu za kuponda mawe?"

"Ndiyo."

Basi, tukawa tumeelewana bila kutaja kitu.

Baada ya miezi kama miwili alianza kulala vizuri. Alipanda kilima cha kwetu bila kushika magoti. Nilimtazama kwa siri nikahisi, kwa mara ya kwanza tangu nirudi, kwamba walionisomesha hawakupoteza miaka yao.

Kisha siku moja nilimpelekea chakula mwaloni nikakuta wanawake wanacheka, hawapumui.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, daktari wa uji!" alijibu mmoja wao, mjane mnene ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko nyundo yake. "Hebu tuambie, umemfanya nini mama yako? Amekuwa marudio!"

Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa ukatupwa. Miaka ile watu walikuwa wamegundua kwamba ukiuosha tena kwa dawa unatoa dhahabu nyingine, na marundo ambayo hakuna aliyeyatazama yakaanza kugombewa.

"Tulidhani kaisha, kumbe bado anatoa!" mjane aliendelea.

"Nyamaza wewe, mtoto anasikia," mama alisema. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Asikie! Si ndiye mpishi? Na mimi unisagie, mwanangu. Nimechoka kulala na paka."

Nilielewa. Damu ilikuwa imerudi. Naandika hapa jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu: kitu cha kwanza nilichosikia moyoni kilikuwa fahari. Wiki ile nilisaga unga wa wanawake watano.

Darasani tulikuwa tumefundishwa kwamba damu ikirudi baada ya mwaka mzima bila hedhi, mwanamke apelekwe hospitali, hata kama ni matone. Nilikumbuka jambo hilo siku ileile, njiani, kabla sijafika nyumbani. Nikaanza kuwaza. Huenda mwaka haukutimia, nani alihesabu? Huenda mama mdogo alikuza maneno. Soya ina vitu vinavyofanana kidogo na homoni za kike, huenda ni yenyewe. Nikimwambia na ikawa si kitu, nitakuwa nimemwaibisha na kumnyang'anya kicheko kile. Nilimpigia simu mama mdogo amuulize. "Wewe unawaza sana," alisema. "Shukuru Mungu."

Mwezi ukaisha, na mwingine. Kila hofu niliitafutia jibu, na kila jibu lilinipa wiki moja ya kukaa kimya.

Kisha mama akaanza kuvaa khanga mbili, moja juu ya nyingine. Akaanza kurudi mapema kutoka mwaloni, ameshika kiuno. Siku nilipoanika godoro lake ndipo nilipofungua mdomo.

"Mama, ile si hedhi."

"Nani amekupa habari zangu?"

Tulianzia hospitali ya mjini, Bomani, wakatuandikia kwenda Mwanza. Huko daktari, msichana wa rika langu, alimuuliza mama damu ilianza lini. Mama alikuwa bado anatafuta maneno nilipojibu mimi: "Ni miezi mitano na siku kumi na mbili."

Mama akageuka kunitazama. Hakuwa amejua kwamba nilikuwa nahesabu.

Ilikuwa saratani ya kizazi, na ilikuwa imekwisha kusambaa. Niliuliza kuhusu unga. Daktari alisema chakula kile hakikuleta ugonjwa, na kwa mifupa kilikuwa kizuri. "Shida ni kwamba mlipata kitu cha kusingizia," alisema taratibu. "Damu ikishakoma, ikirudi si ujana. Mngekuja mwezi ule wa kwanza."

Tuliporudi Itiryo niliacha kusaga. Niliwazungukia wale wanawake watano nikawaambia, bila kupitia kwa mtu wa kando, kwamba atakayeona damu aende hospitali siku hiyohiyo. Mjane alinikazia macho. "Mama yako ulimpa miezi yote hiyo, sisi unatufungia?"

Wanapokuja kumjulia hali, mama huwaambia nikiwa palepale: "Nilikuwa napona. Alipoacha kusaga ndipo nikaanguka." Hasemi kwa uchungu. Anasema kama mtu anayetaja siku mvua ilipokatika. Nami najiuliza kama anaamini hivyo, au ananifichia mbele yao ile miezi mitano.

Kwa hiyo nimeanza tena. Kila asubuhi nampikia, anakunywa vijiko vitatu, viwili anavitapika. Jana alisema niongeze mbegu za maboga, pengine ndizo zilizopungua. Leo nimeongeza.