Kidonge cha Mama Kwenye Glasi ya Chumvi

"Hapana, Mama, maini si chungu," nilimwambia. "Dawa haigandi humo kama ukoko. Maini yanaigeuza, halafu inatoka."

Mama alikuwa anachambua mboga za chinsaga, na kidonge chake cha kifua kikuu kilikuwa bado juu ya sahani. Tangu aanze matibabu analalamika kwamba dawa zinamjaa.

"Nimemeza mpaka nimechoka. Zote hizo zinaenda wapi? Wewe ndiye umesoma, niambie."

Hapo ningenyamaza. Lakini wiki ile mwalimu wetu wa kemia alikuwa ametufundisha jambo lililonikosesha usingizi kwa furaha. Alisema maini hunyang'anya dawa elektroni, na umeme unaweza kuinyang'anya vilevile. Kwa hivyo unaweza kuona kwenye glasi sehemu ya kazi ya maini bila kumpasua mtu. Nilimwomba tujaribu na dawa ya Mama. Akasema ngoja Jumatatu, nitakutafutia chumvi ya maabara inayofaa. Mimi na kungoja hatujuani.

Jumapili nikapasua betri kuukuu za tochi, nikatoa vile vijiti vyeusi vya kaboni. Nikaponda kidonge kimoja, nikakikoroga na maji, nikatia chumvi ya jikoni ili umeme upite. Nikafunga nyaya kwenye betri za redio ya Baba. Mama akaja kuchungulia.

"Leo tunakunywa redio?" akasema, akicheka.

Viputo vikapanda. Maji yakawa manjano, halafu kahawia, na harufu kali ikatoka, kama ya ile dawa wanayopigia sakafu deki hospitalini. Mama akaacha kucheka.

"Hii ndiyo iko ndani yangu?"

"Ndiyo," nikasema, nikijisikia mshindi. "Hivi ndivyo maini yanafanya."

"Hata mboga, maji yakitoka hivi tunamwaga."

Akachukua kile kidonge cha siku hiyo, akakirudisha kwenye chupa. Tangu hapo hajameza kingine.

Jumatatu nilimweleza mwalimu, akashika kichwa.

"Chumvi ya jikoni? Umeme umetoa klorini kwenye chumvi yako, na klorini ndiyo imeichoma dawa. Hiyo harufu ni yake. Maini hayafanyi hivyo. Na hata ungetumia chumvi yangu, glasi inafika hatua ya kwanza tu. Maini yana hatua nyingine, yanaifunga ile dawa iliyogeuzwa ili itoke na mkojo. Glasi yako inakojoa?"

Darasa zima likacheka.

Jioni nikamrudia Mama, nikamwambia nilikosea.

"Jana ulisema ndiyo, leo unasema hapana. Kesho utasema nini?"

"Mama, ni chumvi tu. Nilikosea chumvi."

"Mimi nimepika miaka yote, sijawahi kukosea chumvi," akasema, na jirani aliyekuja kuomba moto akacheka mpaka akashika mlango.

Nilirudia jaribio kwa chumvi ya mwalimu. Harufu ile haikutoka, lakini Mama hakuja kutazama. Alichoona Jumapili kilimtosha.

Leo Alhamisi amekohoa akichuma majani chai mpaka akakaa chini kati ya mistari, kikapu mgongoni. Nesi alimwonya mwanzoni kabisa kwamba ukiacha dawa katikati, ugonjwa unarudi ukiwa sugu. Nilimbebea kikapu mpaka kituo cha kupimia chai.

Nikijiuliza vizuri, nilitaka Mama aone ninavyojua. Kama ningetaka tu apone, ningengoja Jumatatu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko cha darasa.

Nimembembeleza twende hospitali Kisii. Amekubali, mradi nisibebe betri. Kesho asubuhi siendi shule, ingawa kuna mtihani wa kemia. Tutatoka mapema, na tukifika nitamwambia nesi mbele ya Mama kwamba ni mimi niliyemtisha. Halafu Mama atauliza maswali yake yote kwa Kikisii, nesi atamjibu, na mimi nitafunga mdomo.