Kibanja cha Bibi Juu ya Keki

Kabla hujafika mlangoni kwa shangazi, pale Ijuganyondo, Bukoba, ulipokewa na harufu ya arki ya vanila iliyochanganyika na moshi wa mkaa. Mpaka leo nikiipata harufu hiyo mahali popote hunisimamisha kidogo, nusu kwa hamu na nusu kwa hasira. Shangazi Jeni alioka keki kwa kupenda tu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuwa na duka wala nia ya kulifungua. Alichokuwa nacho ni sufuria kubwa iliyotandikwa mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, pamoja na simu ya kupapasa aliyoletewa na kaka yake kutoka Mwanza, ambamo aliwaona watu wa nchi za mbali wakitengeneza keki zenye sura ya magari, majumba na wanyama. Kaka huyo aliyeleta simu ndiye baba yangu. Mimi sikuwa nimeletewa kitu. Alinizaa na mama kabla hajaoa, akaoa mwingine, akahamia Mwanza, na katika ukoo wake wote aliyejua kwamba nipo duniani ni dada yake huyu peke yake, kwa sababu tulikaa naye mtaa mmoja na sura yangu, kwa maneno yake mwenyewe, haikumwachia mtu nafasi ya kubisha.

Nilikuwa nimemaliza darasa la tano, likizo ndefu ya mwisho wa mwaka, mvua zikinyesha kama hazina kazi nyingine. Kila asubuhi nilikwenda kwake na kandambili zilizojaa tope, nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko, tukaanza. Alinifundisha kuchekecha sukari ya unga, kuyeyusha jelatini juu ya maji ya moto, kisha kukanda vyote pamoja mpaka upate kinyunya cheupe, laini kama ndewe ya sikio, ambacho yeye alikiita fondanti. Tulikisukuma kwa mti wa chapati na kukikata kwa kisu cha kumenyea ndizi. Tulikosea sana. Simba wangu wa kwanza alifanana na mbuzi mwenye mimba, na shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Siku moja tuliiweka keki ya mtoto wa mwalimu mwenzake kwenye friji ili isiharibike, na tulipoitoa ikaanza kutoka jasho, rangi zikachuruzika, gari jekundu likawa dimbwi. Ndipo tulipogundua jambo lililomsikitisha yeye na kunifurahisha mimi: mikono yake ilikuwa ya moto, kinyunya kililegea kila alipokishika, wakati yangu ilikuwa ya baridi na mikavu. Kuanzia siku hiyo yeye alioka, mimi nikapamba. Aliniita fundi wake. Nilimpenda mwanamke yule kuliko nilivyojua kusema.

Kisha akaniambia habari ya bibi. Mama yake, aliyeishi Kimwani, Muleba, hakuwahi kufanyiwa sherehe ya kuzaliwa maishani mwake, na tarehe yenyewe hakuna aliyeijua, basi watoto wake walikuwa wamechagua tu Jumapili moja ndani ya likizo. Keki tungetengeneza sisi, na juu yake tungeweka kibanja chake, yaani shamba lote la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Halafu, huku akifuta meza bila kunitazama, akasema kwamba siku hiyo ndiyo atakayonitambulisha kwa bibi. Nitakaa kwenye mstari wa wajukuu, nitalishwa keki kama wengine, na yeye atasema mbele ya watu wote kwamba mimi ni mtoto wa kaka yake na ndimi niliyekipamba kibanja. Nilikwenda nyumbani mbio kumwambia mama. Mama, ambaye alikuwa fundi cherehani na mwenye maneno machache, alinishonea gauni la njano lenye mkanda, na alipokuwa akilipima mabegani akaniambia nisitie moyo wote mahali pamoja. Nilimwona ana wivu. Mungu anisamehe.

Sikuwahi kukanyaga Kimwani, kwa hiyo nilikijenga kibanja cha bibi yangu kwa masimulizi. Shangazi alisimulia, mimi nikafinyanga. Jiko liko nyuma ya nyumba, nikaliweka. Mbuni mkubwa wa kahawa uko karibu na jiko, nikauweka na buni zake nyekundu. Ng'ombe ana doa jeupe kwenye paji la uso, nikamtia doa. Nyasi kavu zinazotandazwa chini ya migomba nilizitengeneza kwa makombo ya biskuti, na majani makavu yanayoning'inia kwenye shina niliyapaka kakao. Shangazi alijaribu mkungu mmoja, akazielekeza ndizi chini kama watoto wa mjini wanavyochora, nikaung'oa na kumwonyesha jinsi vidole vya ndizi vinavyotazama juu. Siku tatu zilipita katika kazi hiyo. Jumapili tulikodi gari dogo, nikaipakata keki kutoka Bukoba, miguu ikafa ganzi, na tulipofika Kemondo migomba miwili ilikuwa imeinama kwa mitikisiko ya barabara. Tulisimama kando ya njia nikaigandisha upya kwa maji ya sukari, shangazi akinishikia mwavuli. Tuliposhuka Kimwani nilikitambua kila kitu, nyumba, jiko, mbuni, ng'ombe na doa lake, na nilitembea pale kama mtu aliyerudi kwao.

Wageni walikuwa wengi, wametoka ibadani. Baba hakuja, kazi ilimzuia, lakini mkewe alikuja na watoto wao watatu, akakaa mbele kabisa. Mmoja wa wale watoto alikuwa na masikio yangu. Mchungaji aliomba, wajukuu wakaanza kujipanga ili kila mmoja ataje jina lake na la mzazi wake kabla ya kulishwa, nami nikakaza mkanda wa gauni langu. Bibi alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, ambaye hakuchekacheka ovyo. Hakushika kisu. Aliinama juu ya keki, akaitazama kwa muda mrefu, akagusa mkungu mmoja kwa ncha ya kidole, akasema kwa Kihaya kwamba aliyetengeneza migomba hii hakutazama picha, huyu ni mtu wa kibanja.

"Nani ameitengeneza?" akauliza.

Nilimtazama shangazi. Yeye alitazama kiti cha mbele, alipokaa mke wa baba, kisha akatazama chini.

"Ni mimi, mama."

Bibi aliitikia kwa kichwa, taratibu. Kisha macho yake yakaniangukia. "Na kaisiki, binti huyu, ni wa nani?"

"Mtoto wa jirani yangu, waitu," shangazi akajibu kwa neno la heshima la Kihaya. "Amenishikia keki njiani."

"Basi mpeni na mtoto wa watu kipande," bibi akasema, "asikae anatutazama tu."

Walikata, wakalishana, wakapiga makofi. Shangazi alilishwa wa kwanza kwa sababu ndiye mpambaji. Mimi nililetewa kipande kwenye sahani ya plastiki, na juu yake ulisimama mgomba mmoja. Nilikula wote. Ulikuwa mtamu, na utamu ule uliniudhi kuliko kitu chochote. Njiani kurudi shangazi aliniambia mke wa baba alikuwa amekaa palepale, angesemaje, nimwelewe, siku nyingine ipo. Nilikuwa na miaka kumi na moja na nilielewa vizuri kabisa: alikuwa amepima aibu yake na mimi, akaniacha mimi. Mama alilifua lile gauni, akalikunja, akaliweka chini kabisa ya sanduku.

Siku nyingine haikuwapo. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu, nami nikapata habari baada ya maziko. Leo fondanti inauzwa mjini Bukoba ikiwa tayari na rangi zake, nina oveni ya umeme, na jioni baada ya kazi ninawapambia keki watoto wa rafiki zangu, kwa kupenda tu, kwa ufundi niliopewa na mtu aliyenikana. Hilo ndilo linalonikera: sijui kufanya kazi hii kwa mikono isiyofundishwa naye. Mambo ya baba nayo yalishajulikana, mkewe alishaambiwa, na hakuna aliyekufa kwa kusikia. Mwezi uliopita shangazi alitimiza miaka sitini, nikampambia keki, na katikati ya sherehe akaniita mbele, akashika kipaza sauti, akasema mimi ni binti wa kaka yake na ndimi niliyeitengeneza keki ile. Watu walishangilia. Alininyooshea kipande huku analia. Nilifungua mdomo nikala, kwa sababu mimi sina moyo wa kumkana mtu mbele ya wageni. Lakini maneno yale niliyasubiri nikiwa na gauni la njano, na mtu niliyetaka ayasikie, bibi, alikuwa hatua tatu kutoka niliposimama, anauliza mwenyewe. Sasa yamesemwa, na yeye hayupo.